Nilipiga kura ya ndiyo, sasa mfugaji ananiuliza

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Aurora, Colorado, na uraia wa Marekani niliupata kabla ya uchaguzi wa 2020. Naendesha lori linalopeleka chakula cha mifugo, chumvi na nyaya za uzio kwenye ranchi za milimani. Katika uchaguzi ule nilipiga kura ya ndiyo kwa lile pendekezo la kurudisha mbwa mwitu. Niliona ni jambo jema, mnyama arudi kwao. Juzi, karibu na mji wa Kremmling, mzee mmoja mteja wangu, mtu tunayeheshimiana, aliniuliza kama na mimi ni mmoja wa "wale wa Denver" waliomletea balaa. Nilicheka, nikageuza mazungumzo. Tangu siku hiyo sina raha. Kura ilipigwa, wengi wakashinda. Si ndiyo demokrasia yenyewe? Mbona watu wa shamba hawakubali kushindwa? Je, mimi nilikosea? Na nikirudi kule, nimwambie ukweli?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Hukukosea kupiga kura, wala hukukosea kumpenda mnyama. Ila swali ulilojibu liliulizwa vibaya, na mzee wako analijua hilo kwa sababu jibu lako limelala kwenye malisho yake.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe, maana Kiswahili chetu kina ubahili hapa. Jina "mbwa mwitu" tunamwita yule mwenye mabaka na masikio makubwa wa Ruaha na Selous, kisha tunamwita pia huyu wa kijivu wa nchi za baridi. Ni wanyama wawili tofauti. Huyu wa Colorado hufika kilo 40 na zaidi, huwinda kwa kundi, na riziki yake ya asili ni kulungu wakubwa wa milimani. Wa mwisho waliuawa katika jimbo hilo miaka ya 1940. Waliondolewa kwa makusudi, kwa bunduki, mitego na sumu, na mwuaji alilipwa fedha ya umma kwa kila kichwa. Kwa hiyo mtu wa familia iliyofuga huko vizazi vinne anasikia serikali ikimwambia leo kwamba kazi aliyopongezwa nayo babu yake ilikuwa kosa, na kwamba sasa inabidi ailipie tena kwa upande wa pili. Hata angekuwa mpole namna gani, hilo humezeka kwa shida.

Sasa tuje kwenye kura. Colorado hupeleka karatasi za kura nyumbani kwa posta, kwa hiyo naamini ulipiga mezani kwako, kikombe cha chai pembeni, na kile kijitabu cha buluu cha maelezo kikiwa wazi. Mbali na kumchagua rais na wengine, mwaka ule kulikuwa na maswali 11 ya jimbo zima: kodi, nikotini, likizo ya familia na ugonjwa yenye malipo, utoaji mimba, namna ya kumpata rais wa nchi, na mengine. Hapo katikati kulikuwa na Pendekezo 114. Liliiagiza tume ya wanyamapori ya jimbo iandae mpango, ianze kuwafungua mbwa mwitu kabla ya 31 Desemba 2023, na iwalipe wafugaji watakaopoteza mifugo. Ilikuwa mara ya kwanza nchini Marekani kwa wapiga kura wa jimbo kuamuru mnyama aliyetoweka arudishwe. Kazi hiyo kwa kawaida huachiwa wataalamu na mawaziri.

Lakini kulikuwa na maneno machache ambayo nadhani uliyapita haraka, kama wengi walivyoyapita. Pendekezo lilisema wanyama hao wafunguliwe magharibi ya mgongo wa milima ya Rocky, pale maji yanapogawana, mengine yakienda Pasifiki na mengine Atlantiki. Wewe mstari huo unaupita kila safari. Handaki la Eisenhower, pale lori linapopanda likihema, linapita chini yake. Ukiingia uko upande wa waliopiga kura kwa wingi. Ukitoka uko upande wa watakaoishi na mnyama. Sheria yenyewe ilichora mpaka huo kwa wino. Mara nyingi tukisema mji na shamba tunasema kwa mafumbo tu, lakini hapa mpaka uliandikwa kwenye karatasi ya kura.

Matokeo yalikuwa ndiyo 1,590,299 na hapana 1,533,313. Yaani asilimia 50.91 kwa 49.09, tofauti ya kura 56,986. Kati ya kaunti 22 za mteremko wa magharibi, 5 tu zilisema ndiyo: Pitkin, Summit, San Miguel, San Juan na La Plata. Kadhaa kati ya hizo ni kaunti za hoteli na michezo ya theluji, nyumba za bei ya kutisha, wakazi wengi waliohamia. Ukitoka handakini unaingia Summit, uliko mji wa Silverthorne, waliosema ndiyo. Unakunja kulia kuelekea kaskazini, na kabla hujafika Kremmling umeshaingia Grand, waliosema hapana. Barabara hiyo moja inakufundisha kwamba hata huko mlimani watu si kitu kimoja.

Na hapa nikuombe usiamini sana ramani za rangi mbili wanazoonyesha kwenye televisheni. Ramani huonyesha ardhi, na ardhi haipigi kura. Mteremko wote wa magharibi hauna wakazi 700,000, watoto wakiwemo. Basi zile kura milioni moja na nusu za hapana zilitoka wapi? Nyingi zilitoka upande wako, ukanda wa miji ya Front Range, Colorado Springs, Weld, na vitongoji vya Denver yenyewe. Jirani yako pale Aurora, yule mnayegombania sehemu ya kuegesha gari, huenda alisema hapana. Mzee anaposema "wale wa Denver" anakosea hesabu, kama wewe unavyokosea unaposema "watu wa shamba".

Kuna jambo jingine hunivutia sana katika kura hii. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha jimbo waliwauliza wakazi kwa njia ya mtandao, na asilimia 84 walisema wangeunga mkono. Mwaka mmoja baadaye ikabaki 51. Sehemu ya pengo hilo ni kampeni, sehemu ni tofauti kati ya swali la mtandaoni na kalamu mkononi. Na siku hiyo hiyo Joe Biden alipata kura zaidi ya 1,800,000 Colorado, kwa hiyo watu zaidi ya 200,000 kuliko waliosema ndiyo kwa mbwa mwitu. Wapo wengi waliomchagua Biden wakamkataa mnyama, au wakaacha nafasi ile wazi. Chama kinaeleza mengi katika kura hii, lakini hakielezi yote.

Sasa nije kwenye kiini, na niruhusu nianzie nyumbani.

Nilikulia Longido, kwenye boma la mbuzi na ng'ombe wachache. Nikiwa na miaka tisa au kumi fisi aliingia usiku akachukua mbuzi wanne. Asubuhi mama aliwahesabu mara tatu, kwa sauti ya chini, kama vile akihesabu taratibu watatimia. Taarifa ilipelekwa. Afisa alifika siku ya nne, akavua miwani akaifuta, akauliza: mzoga uko wapi? Mzoga wa mbuzi aliyeliwa na fisi! Fisi haachi hata kwato. Hakuandika kitu. Baba hakukasirika na fisi. Alisema fisi ni fisi. Alikasirika kwa lile swali, na alilirudia mpaka uzeeni kila alipotaka kuelezea serikali ni kitu gani.

Nimekumbuka hilo kwa sababu malalamiko ya kaunti za Grand na Jackson yanafanana nalo mno. Ng'ombe wa huko kiangazi hupandishwa kwenye malisho ya milimani, kwenye misitu na vichaka vya ekari maelfu. Ndama hupanda na mama yake mwezi wa sita. Vuli wanaposhushwa, mama anarudi peke yake. Amekufa kwa radi? Kwa ugonjwa? Ameanguka korongoni? Ameliwa na dubu, au simba wa milimani, au mbwa mwitu? Kupata malipo lazima mzoga uonekane mapema, uchunwe ngozi, na mchunguzi aone damu iliyovilia chini ya ngozi kuthibitisha kwamba mnyama aliumwa akiwa hai. Anayepata mzoga baada ya siku tatu za jua na kunguru amepata mifupa tu.

Kwa haki, Colorado haikufanya mzaha kwenye malipo. Sheria ya 2023 iliweka mfuko wa dola 350,000 kwa mwaka, na mnyama mmoja anaweza kulipiwa mpaka dola 15,000. Kwetu Tanzania sheria inayaita malipo ya namna hii kifuta jasho, na kifuta machozi pale mtu anapouawa, na majina hayo yana ukweli wake: hayadai kurudisha ulichopoteza. Colorado inasema fidia, thamani ya sokoni. Wafugaji wakadai pia yale yasiyo na mzoga: ndama waliopotea, uzito uliopungua kwa sababu mifugo ilikuwa ikikimbizwa badala ya kula, majike yaliyokosa kushika mimba. Machi 2025 tume iliidhinisha zaidi ya dola 300,000 kwa wafugaji wawili tu wa Grand County, kwa hasara za mwaka mmoja. Linganisha na ukubwa wa mfuko. Kijitabu chako cha buluu kilikadiria gharama ya mpango mzima ingefika kama dola 800,000 kwa mwaka. Zimepita hapo kwa mbali.

Mtu wa mjini akisikia takwimu hizi husema: Colorado ina ng'ombe zaidi ya milioni 2, walioliwa ni makumi, kelele za nini? Hesabu yake ni sahihi, na ndiyo inayomuudhi mfugaji kuliko yote. Hasara hii haigawanywi sawa kama mvua. Inaangukia familia tano au kumi ambazo kundi limechagua kuzalia karibu nao. Ranchi ya kawaida huuza ndama mara moja kwa mwaka, vuli. Ndio mshahara wa mwaka mzima. Jirani yake aliye kilomita thelathini huenda asione hata unyayo. Ukimwambia wa kwanza habari za wastani wa jimbo, ni sawa na kumwambia aliyefiwa kwamba idadi ya watu inaongezeka.

Yaliyofuata baada ya kura yalizidisha chumvi kwenye kidonda, na mengine yangeweza kuepukika. Idaho, Wyoming na Montana zilikataa kutoa mbwa mwitu. Oregon ikakubali. Vyama vya wafugaji vilikwenda mahakama ya shirikisho kuomba zuio, vikakataliwa siku chache kabla. Tarehe 18 Desemba 2023, siku 13 kabla ya mwisho uliowekwa na kura, makreti yalifunguliwa mbele ya gavana Jared Polis, watano wakatimua mbio kwenye majani yaliyokauka. Wapi? Grand County, mahali pasipotangazwa mapema. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa 10. Kisha ikajulikana kwamba baadhi yao walitoka kwenye makundi ambayo huko Oregon yalishawahi kula mifugo. Mzee wako, ndugu yangu, aliyajua hayo kama wewe ulivyoyajua, kwenye habari.

Majira ya kuchipua ya 2024 jozi moja ya hao walizaa huko huko Grand, kundi likaitwa Copper Creek, na ndama wakaanza kupungua, kondoo pia. Wafugaji waliomba wazazi wauawe. Jimbo likakataa kwa kuwa walikuwa wakilea watoto wadogo. Baadaye kundi likakamatwa. Dume likafa mikononi mwa wahifadhi, likiwa na jeraha la risasi la zamani. Yaani kuna mtu alishajichukulia hukumu. Januari 2025 jike na watoto wanne wakafunguliwa tena, pamoja na wengine 15 walioletwa kutoka British Columbia, Kanada, safari hii katika kaunti za Eagle na Pitkin. Kumbuka Pitkin ilisema ndiyo. Mtu anaweza kusema basi haki imetendeka, waliotaka wamepata. Lakini wenye ng'ombe wa Pitkin ni wachache ndani ya kaunti ya matajiri wa Aspen. Wao ni shamba ndani ya mji. Nao hawakuulizwa peke yao.

Umeuliza: si ndiyo demokrasia? Wengi wape. Msemo huo tumeukuta, tunautumia vikaoni, na mara nyingi unatosha. Ila Marekani wameubishania kwa zaidi ya karne moja, na kichekesho ni kwamba chombo kinachowaumiza wakulima leo kilidaiwa na wakulima wenyewe. Miaka ya 1890 chama cha wakulima na wachimba madini, waliojiita Populist, kilichoshwa na mabunge yaliyonunuliwa na makampuni ya reli na mabenki. Colorado ilimchagua gavana wa chama hicho mwaka 1892, Davis Waite. Madai yao mojawapo yalikuwa kwamba wananchi waruhusiwe kukusanya sahihi na kutunga sheria moja kwa moja, bila kupitia kwa waheshimiwa. South Dakota ilikuwa ya kwanza kukubali, 1898. Colorado ikakubali 1910. Siku hizo wakulima ndio waliokuwa wengi. Hawakufikiria kwamba siku moja wao ndio watakaohesabiwa upande wa waliobaki.

Walipoanza kuwa wachache walitafuta ulinzi. Mwaka 1962 Colorado ilipiga kura ya mpango wa seneti ya jimbo ambao ungezipa kaunti ndogo uzito mkubwa kuliko idadi ya watu wake. Ukapita, karibu wawili kwa mmoja, na ukashinda katika kila kaunti, Denver ikiwemo. Watu wa mjini wenyewe walisema shamba lipewe nafasi! Miaka miwili baadaye, 1964, Mahakama Kuu ya nchi ikaufuta katika kesi ya Lucas, ikisema haki ya mtu mmoja kura moja haiwezi kuondolewa hata na wengi wakiridhia. Nimefundisha kesi hii mara nyingi, na kila mara darasa linagawanyika. Mimi naona mahakama ilikuwa sahihi. Ukianza kupima kura kwa ekari hujui utaishia wapi, na Marekani ina kumbukumbu chungu za kura za watu fulani kuhesabiwa pungufu.

Lakini kukataa kumpa mtu wa shamba kura mbili si kusema asiwe na mlango wowote wa kuingilia. Sisi tunayajua haya. Katiba ya Tanzania, kwa mambo fulani ya Muungano, inataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kivyake. Bila hivyo Bara ingeamua kila kitu kwa wingi wake. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka, kwa mabadiliko ya mambo makubwa, wapiga kura wajitokeze kwa kiwango fulani katika angalau nusu ya kaunti, mbali na wingi wa kawaida. Hata Colorado yenyewe iliongeza kitu kama hicho 2016: anayetaka kubadilisha katiba ya jimbo kwa kura ya wananchi lazima akusanye sahihi za asilimia 2 ya wapiga kura waliojiandikisha katika kila wilaya ya seneti, zote 35, na apate asilimia 55. Pendekezo 114 halikubadilisha katiba. Lilikuwa sheria ya kawaida. Lilihitaji sahihi 124,632 tu, na zote zingeweza kukusanywa nje ya maduka na kwenye bustani za Denver na Boulder bila mtu kuvuka lile handaki. Asilimia zake 50.91 zingekuwa hazitoshi kwa kipimo cha katiba.

Ndiyo maana nilisema swali liliulizwa vibaya. Karatasi ilikupa ndiyo na hapana. Haikukupa "ndiyo, ila tuanze polepole", "ndiyo, ila tarehe isiwe ya lazima", "ndiyo, ila kila kaunti iambiwe kabla". Bungeni mambo hayo hujadiliwa mpaka usiku wa manane: mbunge wa Kremmling anamshika shati mbunge wa Boulder, anampa kura kwenye muswada wa barabara, anapata miaka miwili ya kujiandaa na walinzi wa kupanda farasi kuzunguka mifugo. Kwenye kura ya wananchi hakuna wa kumshika shati. Wapinzani walikuwa na hoja moja ambayo naiona ilistahili kusikilizwa zaidi: Januari 2020, miezi kumi kabla ya kura, jimbo lilithibitisha kundi la mbwa mwitu lililokuwa limeshaingia lenyewe huko Moffat, kona ya kaskazini-magharibi. Mwaka 2021 wengine walizaa huko Jackson County, kaunti yenye watu wasiofika 1,400. Mnyama alikuwa njiani kwa miguu yake. Angefika kama fisi wa baba yangu, bila kutumwa na mtu, na hasira ingekuwa ya namna nyingine kabisa.

Nisimpake mzee wako mafuta kwa mgongo wa chupa, hata hivyo. Sehemu kubwa ya malisho yale ya kiangazi si yake. Ni ardhi ya umma ya shirikisho, yako na yangu, na kuanzia 2019 mpaka 2025 ada ya kulisha ng'ombe mmoja na ndama wake kwa mwezi ilikuwa dola 1 na senti 35. Soda inagharimu zaidi. Anayelipa hivyo hawezi kusema kwa sauti kavu kwamba wenye ardhi wasitoe neno juu ya wanyama wa kuishi humo. Mtu wa Denver anapodai sauti yake msituni, hajavamia nyumba ya mtu. Wafugaji wachache wenye busara hukubali hilo mkiwa wawili; hadharani ni vigumu.

Isitoshe, hasira hii ina miaka mingi kuliko mbwa mwitu. Mwaka 2013 kaunti 11 za Colorado, nyingi zikiwa tambarare za mashariki, zilipiga kura kuhusu kujitenga na kuunda jimbo jipya, baada ya bunge kupitisha sheria za bunduki na kuvilazimisha vyama vya ushirika vya umeme vijijini kununua nishati jadidifu zaidi. Sita zilikataa, tano zikakubali. Halikufika popote, wala hawakutegemea lifike. Machi 2021 gavana alitangaza siku moja ya kuwahimiza watu wasile nyama; ilikuwa karatasi tu, haina nguvu yoyote, lakini kaunti za ng'ombe ziliijibu kwa siku ya kula nyama, watu wakapanga foleni kwenye majiko ya kuchomea. Kwa aliyeyapitia haya yote, Pendekezo 114 lilisomeka kama barua nyingine kutoka kwa mtumaji yule yule.

Lakini jambo ambalo ningependa ulibebe kwenye lori ni la Novemba 2024. Mwaka huo wapiga kura wa Colorado waliulizwa Pendekezo 127, kupiga marufuku uwindaji wa simba wa milimani na paka mwitu. Waandaaji walitegemea kura zile zile za mjini. Likaanguka, hapana ikapata karibu asilimia 55. Na siku hiyo hiyo jiji la Denver peke yake liliulizwa kama lifunge machinjio ndani ya mipaka yake. Yaliyopo ni ya kondoo, yanamilikiwa na wafanyakazi wenyewe, watu kama 160, na wafugaji wa kondoo wa mbali wanayategemea. Hapo hakukuwa na mtu wa shamba wa kupiga kura. Denver tupu. Karibu theluthi mbili walisema yasifungwe. Siwezi kuingia kichwani mwa kila mpiga kura, na sehemu fulani ilikuwa ni kuogopa watu kukosa kazi. Ila nimezungumza na watu wa mjini waliosema ndiyo 2020 na hapana 2024, na sababu yao ilikuwa fupi: waliona kilichotokea Grand, wakaona kuna mambo hawayajui vya kutosha.

Basi mwambie. Mwambie ulipiga ndiyo, na usianze kuomba msamaha wala kutoa somo la demokrasia. Yeye anapiga kura tangu hujazaliwa. Atanyamaza kidogo. Pengine atakuambia jambo lisilo zuri, ulipokee. Halafu muulize alipoteza ndama wangapi na anajuaje, na usikilize hasa ile sehemu ya anajuaje. Kama safari yako inayofuata ni Machi, utamkuta anazalisha, hajalala usiku kucha, taa ya gari inazunguka zizini na ndama wa saa moja anatetemeka kwenye majani makavu. Ukiombwa ushike kamba, shika. Wewe ni mtoto wa kwetu, sidhani kama umesahau.